Shajara ya kikombe cha Shangazi

Jumamosi, 11 Januari

Naanza daftari hili nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo mwandiko wa leo usichunguzwe sana.

Mwezi wa Desemba mkahawa mmoja wa hapa Nairobi uliagiza kwetu chupa 24 za jamu ya embe. Mwenyewe aliionja arusini, akaipenda. Sisi tumezoea kupika chupa tatu au nne kwa wakati mmoja, za ndugu na majirani, na Shangazi ndiye hushika mwiko. Wiki ile alikuwa Mombasa matangani. Nikajitosa peke yangu. Mapishi yake nayajua kwa moyo: vikombe vinne vya embe, vikombe vitatu vya sukari, maji ya ndimu mbili, moto wa wastani, dakika arobaini.

Nilibadilisha vitu viwili tu, na vyote viwili niliona ni werevu. Embe nililisaga kwenye blenda badala ya kulikata, maana mkono ulishachoka. Sukari niliipima kwa mizani, kwa kuwa intaneti nzima imekubaliana kwamba kikombe kimoja cha sukari ni gramu 200.

Jamu ilikataa kuganda. Siku ya tatu mwenye mkahawa alipiga simu, kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi, akasema wateja wanaimimina kwenye mkate kama asali. Alilipa nusu. Sikuwa na neno.

Shangazi aliporudi nikamweleza. Hakuuliza habari ya moto wala ya embe. Aliuliza: "Na kikombe changu kilikuwa wapi?"

"Kabatini."

"Basi."

Kwa hiyo mradi ni huu: kuyahamisha mapishi ya Shangazi kutoka vikombe hadi gramu, kabla embe halijaisha sokoni. Nina mizani moja ya dijitali, daftari hili, na Jumamosi chache.

Jumapili, 12 Januari

Nimeanza na kikombe chenyewe. Ni kile cha bati cha buluu, ukingo mweusi, mkono umepinda. Shangazi amekuwa nacho tangu alipokuwa mpishi katika nyumba ya Wamarekani huko Lavington, miaka ya themanini. Mama mwenye nyumba alikuwa akisoma mapishi kwa sauti, "kikombe hiki, kikombe kile", na Shangazi akichota kwa kikombe chake cha chai. Hakuna aliyegundua, kwa sababu kila kitu kilichotwa kwa kikombe hicho hicho. Uwiano ulibaki ule ule. Kilichoongezeka ni jamu tu.

Kupima ujazo wa kikombe ni rahisi. Kiweke kitupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, jaza maji hadi ukingoni. Gramu moja ya maji ni mililita moja. Tofauti inayoletwa na joto la jikoni ni ndogo mno kujali. Cha Shangazi kilisoma 312.

Kikombe cha vipimo cha Marekani ni mililita 237 hivi. Cha Australia ni 250. Cha zamani cha Uingereza, nusu painti, ni 284. Cha Japani ni 200. Kile cha plastiki nilichonunua Kamukunji, kilichochorwa 250 ubavuni, kimenipa 243 nilipokipima mara tatu. Sasa mtu akikuambia "kikombe", muulize cha nani.

Hapo kosa la kwanza likajitokeza lenyewe. Nikajaza kikombe cha Shangazi sukari, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu: gramu 264. Vikombe vitatu ni 792. Mimi Desemba nilitia 600. Yaani nilipima sukari ya Mmarekani na kuitia kwenye embe la Shangazi.

Nilidhani mradi umeisha. Nikampigia dada yangu kumweleza kwa furaha. Nikiwa kwenye simu, macho yakaangukia mizani, ambako kikombe nilikuwa nimekiacha kimejaa maji kwa mara nyingine: 311. Baadaye kidogo 310. Nikadhani ni betri. Nikakiinua, na chini yake kulikuwa na pete ya maji juu ya kioo cha mizani, mengine yakidondokea mezani. Kikombe kinavuja, palepale mkono unapoungana na kitako, tundu la kutu lisilopita pini.

Sikumwambia Shangazi leo.

Jumanne, 14 Januari

Nimemwambia. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha pale penye kutu. "Hiki n'shakizeekea nacho," akasema, akakirudisha kabatini. Kwa sukari na embe bado kinafaa. Kwa hiyo tuna haraka, ila si haraka ya kufa mtu.

Jumamosi, 18 Januari

Leo ndiyo siku niliyojifunza kitu, nami nitaandika kwa urefu.

Kama kosa lilikuwa sukari peke yake, hesabu haikubali. Nilifanya zoezi la nyuma: embe la Shangazi kwa sukari yangu pungufu lingetoa jamu laini, si ile asali ya Desemba. Kulikuwa na kitu kingine. Nikanunua sokoni Ngara maembe kumi ya aina ya Apple, yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, nikamwomba Shangazi akate kama anavyokata siku zote, mimi nikae na mizani tu.

Anakata hivi. Anasimamisha embe, anateremsha kisu kando ya kokwa, shavu moja, kisha la pili. Kila shavu analichora mistari ndani kwa ncha ya kisu bila kutoboa ganda, wima kisha mlalo, analipindua nje kama soksi, na vipande vinasimama kama meno. Anavikwangua kwa kijiko. Kila kipande ukubwa wa kete ya bao, na havitofautiani. Halafu anajaza kikombe, anakigonga mezani mara moja. Mara moja tu, nimehesabu. Kisha anaongeza vipande viwili vitatu juu.

Vikombe vitatu: 221, 214, 219. Wastani 218.

Kisha nikakata mimi, mtindo wangu wa vipande vikubwa vya kuchomwa kwa uma: 183, 196, 178. Kikombe kile kile, maembe ya fungu lile lile, wastani 186. Kisha nikasaga kwenye blenda. Mara ya kwanza nilipomimina ilikuwa 305, na juu kulikuwa na povu. Nikaacha dakika ishirini, povu likashuka, nikajaza tena hadi ukingoni: 318.

Angalieni hizo namba. Kikombe kimoja cha embe ni gramu 186, au 218, au 305, au 318. Embe ni lile lile. Kinachobadilika ni hewa iliyo katikati ya vipande. Nyama ya embe ni nzito kidogo tu kuliko maji, kwa hiyo kikombe kilichojaa embe bila hewa hata chembe kingekuwa kama gramu 325. Kwa kisu cha Shangazi, theluthi moja ya kikombe ni hewa. Kwa kisu changu, ni zaidi ya theluthi, inakaribia nusu. Blenda inaifukuza hewa, na povu ni ile iliyobaki ikibembeleza.

Sasa Desemba inaeleweka. Shangazi hutia gramu 872 za embe kwa 792 za sukari. Mimi nilitia 1,220 kwa 600. Yeye anakaribia moja kwa moja. Mimi nilikuwa mbili kwa moja. Makosa mawili, na yote mawili yalivuta upande mmoja! Lau lingekuwa moja la kuongeza sukari na moja la kuongeza embe, labda yangefutana, nami nisingejua chochote mpaka leo.

Nilimwonyesha Shangazi jedwali. Alitazama, akasema: "Wewe wapima embe kama dhahabu." Kisha baada ya kimya: "Lakini ndiyo maana jamu ya Bi. Mkubwa wa pale ng'ambo haishikani. Yeye hukata kama anakatia ng'ombe."

Jumapili, 19 Januari

Jaribio la upuuzi, ila nimelipenda. Nilitaka kuiona hiyo hewa kwa macho.

Nina mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, wa aina ambayo wauzaji hupimia viazi. Ukijaa maji ni gramu 2,300. Nikaujaza makarakara mazima, yale ya zambarau, hadi ukingoni, kisha nikaanza kumimina maji nikihesabu. Makarakara yakaelea. Sikulifikiria hilo, yana nafasi tupu ndani, na yaliinuka yakaanza kudondoka kutoka mkebeni kama watoto wanaoshuka matatu. Nikayabana kwa kichujio cha chai, kwa mkono mmoja, na mwingine nikimimina. Mililita 980. Yaani katika mkebe "uliojaa", asilimia 43 ilikuwa nafasi tupu.

Wanahesabu wanajua kwamba mipira ya ukubwa mmoja ikimwagwa tu chomboni na kutikiswa vizuri hujaza kama asilimia 64, na isipotikiswa hujaza kidogo zaidi ya nusu. Mkebe wangu, wenye kuta zinazozuia matunda yasikae vizuri pembeni, uko hapo hapo katikati. Ndiyo maana muuzaji anayetikisa mkebe wa viazi kabla ya kukumiminia ni mtu wa kurudiwa.

Kisha nikayapasua makarakara. Kilo moja ya matunda ilitoa gramu 490 za uji pamoja na mbegu, na uliposhuka chujioni zikabaki 370 za maji matupu. Kikombe cha Shangazi cha uji wenye mbegu: 314. Cha pili: 315. Karakara halijali kisu cha nani. Lenyewe ni la kumiminika, linaziba kila pembe, na ukilipima kwa kikombe au kwa mizani jibu ni lile lile. Kwa tunda hili mapishi ya vikombe hayajawahi kumdanganya mtu.

Jumamosi, 25 Januari

Marikiti, alfajiri. Nimekwenda kwa sababu nilitaka kujua kuhusu mapishi yanayosema "maembe matatu makubwa". Kubwa kwa nani? Nilichagua kumi ambayo kwa macho yangu ni sawa. Nyumbani mizani ikasema dogo ni gramu 290, kubwa 560. Karibu mara mbili, na bei moja. (Tangu leo nachagua kwa mkono, si kwa macho.)

Baada ya kumenya na kutoa kokwa, Apple iliniachia asilimia 68 ya uzito wake. Nanasi liliniumiza: taji, ganda na kiini vikitoka, nusu ya uzito niliobeba kwenye matatu iliishia kwenye ndoo ya taka. Ndizi ziliacha theluthi na kidogo kwenye ganda. Papai vilevile, kwa sababu ya mbegu. Hili ni daraja la pili la hesabu, na watu wengi hulisahau: mapishi yanaposema kilo ya nanasi, je, ni kilo ya sokoni au ya bakulini? Katika jedwali langu kila namba ni ya bakulini. Ya sokoni nimeiandika kwa penseli pembeni.

Stroberi za Limuru pia zilikuwapo, ndogo na tamu. Nilichukua kidogo. Nzima kikombe 191, zikikatwa vipande vyembamba 217, zikipondwa 304. Hadithi ile ile ya embe.

Alhamisi, 30 Januari

Stima ilipotea saa mbili usiku, nikaendelea kupima kwa tochi ya simu. Kilo moja ya sukari ikawa 1,046. Nikabadilisha betri, ikarudi 1,006 pamoja na karatasi yake. Sijui vipimo vingapi vya wiki hii vimeharibika. Nimerudia ndizi na papai zote. Kuanzia sasa pakiti ile ya sukari haifunguliwi. Inapanda mizani kwanza kila siku kabla ya kitu kingine.

Jambo jingine la mizani hizi za bei nafuu: ukidondosha maji ya ndimu polepole, tone kwa tone, haioni. Inadhani ni kuyumba kwake yenyewe, inajirudisha. Kamulia pembeni kwenye kikombe kidogo, kisha mimina kwa mkupuo.

Jumapili, 2 Februari

Nimepika kwa mizani kwa mara ya kwanza. Embe 872, sukari 792, maji ya ndimu 60. Kila kitu sahihi. Nikaharibu.

Nilikuwa nimenunua kipimajoto. Kila mapishi ya ng'ambo yanasema jamu huganda ikifika nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Nikakaa juu ya sufuria. Ikapanda hadi 97, ikakaa. 99, ikakaa. Shangazi akapita: "Imeiva hiyo." Nikamwambia bado nyuzi tano. Akaenda zake kuswali. Aliporudi nilikuwa nimefika 104 na sufuria ilikuwa na kitu ambacho Mombasa wangekiuza kama halua, tena halua ya mpishi asiyejua kazi. Mwiko ulisimama wenyewe.

Nilipotulia nikachemsha maji matupu nikatia kipimajoto. 94 na nusu, na mapovu makubwa. Bila shaka! Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kila mita 300 unazopanda, maji huchemka kwa joto pungufu kwa karibu nyuzi moja. Ile 104 ni ya watu wa pwani na wa nchi za chini. Maana yake halisi ni nyuzi nne na nusu juu ya mchemko wa maji pale ulipo. Hapa kwetu, mtaa wa Pangani, Nairobi, ni 99. Pale Shangazi aliposema imeiva.

"Mimi nilipokuja Nairobi," akanieleza tukikwangua sufuria, "nilidhani maharagwe ya huku yana uchawi. Mombasa yashaiva, huku bado yakutazama."

Nimeongeza mstari mpya juu kabisa ya jedwali: chemsha maji kwanza, soma joto, ongeza nne na nusu.

Na mizani inaweza kufanya kazi hiyo hata bila kipimajoto. Nilipima sufuria aliyoipika Shangazi mwenyewe, kabla na baada: mchanganyiko uliingia gramu 1,724, jamu ikatoka 1,410. Gramu 314 zilipanda juu kama mvuke. Embe bivu ni maji kwa asilimia 83 hivi, kwa hiyo ukijumlisha sukari iliyotiwa na kile kilichomo ndani ya embe, jamu yake inatoka na karibu theluthi mbili yabisi, ambayo ndiyo hali ya jamu inayokaa bila kuota ukungu. Ya kwangu ya Desemba, kwa dakika zile zile arobaini, ilikuwa bado karibu nusu maji. Ilikuwa sharubati nzito iliyovaa nguo za jamu.

Jumamosi, 8 Februari

Jioni Shangazi alikuwa na wageni, wanawake wa chama chao, wakizungumza habari za Ramadhani inayokuja. Mmoja akauliza fitri, ile zaka ya mwisho wa Ramadhani, mwaka huu ni kilo ngapi za mchele. Mwingine akasema mbili na nusu, mwingine akasema yeye hutoa tatu kwa usalama. Shangazi akanitazama mimi, siyo wao.

"Fitri ni pishi," akasema. "Pishi moja, vibaba vine. Hizo kilo ni tafsiri."

Niliweka kalamu chini. Yaani jambo ninalohangaika nalo mwezi mzima limekuwa mbele ya watu kila mwaka. Pishi ni ujazo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Pishi ya mchele haina uzito wa pishi ya tende wala ya mtama, na ndiyo maana masheikh wanapotaja kilo hutofautiana kidogo bila yeyote kuwa amekosea. Bibi yake Shangazi alikuwa na kibaba cha mti, na mchele alioupimia haukugongwa. Aliyegonga alionekana mlafi. Nilipomuuliza kwa nini yeye hugonga kikombe cha embe mara moja, alisema: "Embe si mchele. Embe lisipogongwa ladanganya."

Jedwali limefika mahali pa kuonyeshwa watu. Nimezigeuza namba zote kwa kikombe cha mililita 237, kwa kuwa mapishi mengi ya vikombe yanayofika simuni mwetu ni ya Kimarekani. Embe la Shangazi, 218 kwa kikombe cha 312, likawa 166. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linasema vipande vya embe ni 165. Nilicheka peke yangu jikoni. Mkono wa mama wa Kisauni, Mombasa, bila kitabu, umetofautiana na serikali ya Marekani kwa gramu moja.

Kwa waliokuja hapa kutafuta namba, haya ndiyo wanayosema Wamarekani kwa kikombe chao, nami nimeyajaribu yakakubali ndani ya gramu kumi. Nanasi la vipande, 165. Papai la vipande, 145, likipondwa, 230. Ndizi ya vipande, 150, ikipondwa, 225. Stroberi nzima, 144, za vipande vyembamba, 166, zikisagwa, 232. Karakara, uji na mbegu zake, 236.

Tazama ile safu ya vilivyopondwa: 225, 230, 232, 236. Ndizi, papai, stroberi, karakara, matunda yasiyofanana kwa lolote, na yote yamekaa pamoja ndani ya gramu kumi na moja. Kisha tazama vipande, kuanzia 144 hadi 166, na hapo ni kwa mpishi mwenye kisu cha kawaida. Kwa kisu changu embe lingeshuka hadi 141. Kwa hiyo sheria ninayoitumia sasa ni fupi. Tunda lililopondwa: ujazo kwa mililita ndio gramu, toa kidogo, usihangaike. Tunda la vipande: namba yoyote utakayopewa ni ya kisu cha mtu mwingine. Likate unavyokata wewe, lipime mara tatu, andika yako.

Jumamosi, 15 Februari

Mkahawa umetupa nafasi ya pili. Chupa 24 tena. Shangazi amekata, mimi nimepima, na mara hii hakuna kikombe kilichoingia jikoni. Tulipika mara saba, sufuria mbili kwa zamu, tangu saa moja asubuhi mpaka adhana ya laasiri. Kila sufuria ilitolewa ilipofika 99, na uzito ukatoka kati ya 1,395 na 1,425. Imeganda. Ukiinamisha chupa jamu inakufuata polepole, kama mtu aliyeamshwa.

Jedwali likanifichulia na wizi niliojiibia mwenyewe. Chupa zetu zina mililita 300 hadi shingoni, na lebo zetu tangu mwanzo zimeandikwa gramu 300. Nilipoweka chupa moja mizanini, nikatoa uzito wa kioo na kifuniko: 388. Jamu ni nzito kuliko maji kwa karibu theluthi, sukari imefanya kazi yake. Ina maana kila chupa tuliyouza ilikuwa na gramu 88 za bure. Kwa chupa 24 ni zaidi ya kilo mbili, chupa tano na nusu tulizozawadia bila kujua. Shangazi hakusikitika kama mimi. Alisema bora kuzidisha kuliko kupunja, na ya kuzidisha ina malipo yake. Sawa, lakini lebo mpya inasema 380, na bei imepanda kidogo.

Jumamosi, 22 Februari

Mwenye mkahawa ameagiza 30, za karakara na embe mchanganyiko. Hesabu yake nimeifanya kwa dakika tano. Malipo yote yamefika.

Yaliyobaki: matunda damu, ambayo yana ganda chungu nisilojua nilimenye kwa maji ya moto au kwa kijiko, parachichi, yakianza mwezi ujao, na ukwaju, ambao ni kesi ngumu, kwa sababu sokoni unauzwa na kokwa, bila kokwa, au umebanwa kama tofali, na uzito wa kokwa zile sijui wanaupangaje.

Kikombe cha buluu kimerudi kwenye chai. Shangazi ameziba tundu lake kwa kitone cha jamu ya Februari pili, ile halua. Imeshika kuliko gundi.

Nilitaka pia kuanza achari yake ya maembe mabichi kabla ya Ramadhani. Inaanza hivi: "Chumvi konzi mbili, pilipili konzi moja isiyojaa." Niliweka mizani mezani, nikarudisha sifuri, nikamwomba afumbe konzi ya chumvi na kuimwaga pale. Aliniangalia, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya viazi karai, akaikalisha juu ya mizani.

"Haya," akasema. "Kula kwanza."

Gramu 612, pamoja na sahani.